Kaunta ya Mavi ya Chuma

Kijani! Fundi alipobandua ubao wa mwisho wa kalibu, zege lililotokea halikuwa la kijivu hata kidogo. Lilikuwa la kijani chenye ubuluu, kama maji ya Nungwi saa sita mchana, nami nikapiga ukelele mpaka jirani wa karakana ya pili akachungulia. Nilikwenda Edmonton, kaskazini mwa London, kutazama kaunta ya jikoni. Sikujua naitwa kuiona bahari.

"Usiizoee rangi hiyo, dada," akasema fundi, mzaliwa wa Pongwe, Tanga, aliyekulia jirani na kiwanda cha saruji. "Ikishapata hewa inapauka yote."

Siri ni mavi ya chuma. Ndiyo, jina ndilo hilo, na wageni wakiuliza nitalitamka kwa sauti! Ni yale masazo yanayoelea juu ya chuma kilichoyeyuka tanuruni. Yakipozwa ghafla kwa maji huwa chembechembe kama mchanga. Yakisagwa huwa unga mweupe, na unga huo ukikutana na saruji na maji huganda nayo. Ule ukijani ni salfa iliyomo ndani yake. Fundi ametoa nusu ya saruji, akaujaza unga huo mahali pake.

Saruji, jamani, ni mlafi. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye joto la nyuzi kama 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka haitokani na kuni wala makaa. Inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Chomea kwa chochote utakacho, jiwe litapumua tu. Ndiyo maana saruji ya dunia nzima hubeba karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Anayekuuzia kaunta "ya kijani" akakuonyesha vipande vya chupa tu, muulize kwanza kuhusu unga.

Vipande vya chupa navyo vipo, na niliporudi wiki tatu baadaye, kaunta imeshasuguliwa kwa visahani vya almasi, nilishindwa kuzungumza. Nyeupe kama niru ya nyumba za kale za pwani! Ndani yake vioo vya kijani na kahawia vimetawanyika, vinameta kila ukisogeza kichwa. Kumbe kioo na saruji hawapatani: kikipata unyevu huvimba taratibu ndani ya zege na kulipasua. Mavi ya chuma ndiyo yanayowatuliza hao wawili. Unga uliopunguza hewa ya ukaa ndio huo huo unaolinda urembo. Nani asipende?

Nikapiga hesabu na fundi palepale, juu ya kipande cha boksi. Mita 2 kwa sentimita 60. Kaunta ya kawaida yenye unene wa sentimita 4 ina kilo kama 115 na hula kilo 19 hivi za saruji. Hii ina nyuzi za kioo badala ya nondo, unene sentimita 2.5, uzito kilo kama 72, saruji kilo 9. Nilidhani wembamba ndio uliookoa. La! Zege jembamba hutaka saruji nyingi zaidi kwa ujazo ule ule, kwa hiyo saruji ingebaki karibu pale pale. Wembamba umeokoa migongo ya wabebaji. Saruji imeokolewa na mavi ya chuma.

Kutoka mlangoni unaliona bomba la tanuri la taka la Edmonton, linalochoma tangu 1971. Nikauliza: jivu lile je? Fundi akatikisa kichwa. Kwenye kokoto za barabara, sawa. Kwenye kaunta, vipande vya alumini vilivyosalia jivuni hukutana na saruji vikatoa gesi, na uso wote ukajaa vitundu.

Kasoro zipo. Kwenye baridi ya London unga huu ni mvivu: fundi alisubiri siku nne kabla ya kufungua kalibu. Tena wenyewe unaadimika. Tarehe 30 Septemba 2024 tanuri la mwisho la kuyeyushia chuma la Port Talbot, Wales, lilizimwa, na siku hiyo hiyo kikafungwa kituo cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe Uingereza, Ratcliffe-on-Soar, kilichokuwa kikitoa jivu ambalo nalo huchanganywa na saruji. Fundi sasa anautamani udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi kama 800, ukachanganywa na unga wa chokaa mbichi. Nikamkumbusha kwamba Mbeya wanatia majivu ya volkano kwenye saruji siku nyingi. Akacheka: "Niletee gunia kwenye ndege!"

Halafu jaribio langu juu ya kaunta. Manjano nusu kijiko, nusu saa, nikafuta: hakuna alama! Ndimu, nusu saa, nikafuta: duara hafifu, limepoteza mng'aro. Asidi imepenya dawa ya kuzuia madoa iliyopakwa juu, ikaila chokaa iliyomo kwenye zege. Kwa nyumba inayokamulia ndimu kila kitu, hilo si dogo.

Nikamuuliza fundi kama anaweza kufika Jumanne kupima jiko langu. Na kibao cha kukatia ndimu nimeshanunua.