Ile 60 kwenye boksi la darubini

Umeshaona jinsi darubini za kutazamia ndege zinavyouzwa? Kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa "20–60x", na muuzaji anakimbilia hiyo 60. "Hii inavuta kweli!" Nasi tunaitikia kwa kichwa. Mimi nasema namba hiyo inasifiwa kuliko inavyostahili, na inatuharibia kazi.

Tuanze na hesabu ndogo. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwali wa mwanga unaotoka kuelekea jichoni. Lenzi ya milimita 60 kwa mara 20 inatoa mwali wa milimita 3. Panda hadi mara 60, unabaki na milimita 1 tu, yaani eneo la mwali limepungua mara 9. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujibana, kwa hiyo hasara haiumi sana. Alfajiri mboni imepanuka inatafuta mwanga, na hapo giza utaliona.

Halafu kuna hewa. Nenda Mida Creek, karibu na Watamu, maji yakiwa yametoka. Kwenye tope wanasimama Dromas ardeola, wale ndege weupe kwa weusi wenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Kufika saa nne asubuhi tope limepata joto na hewa inachezacheza. Darubini haikuzi ndege peke yake, inakuza na hiyo hewa. Hata lenzi ya bei ya pikipiki haitakuokoa.

Nilijifunza kwa aibu. Kundi moja nililihesabu mara tatu kwa ukuzaji wa 60, nikapata idadi tatu zilizopishana vibaya. Eneo linaloonekana ni finyu, upepo unatikisa stendi, unapoteza ulipoishia. Niliposhuka hadi 25, hesabu zikakaribiana. Na hili si jambo dogo, maana hesabu kama hizi ndizo tunazozitegemea kusema ndege wanapungua au la. Namba mbovu ikishaingia kwenye daftari, hakuna atakayejua kosa lilikuwa la lenzi.

Sisemi 60 haina kazi. Kusoma maandishi kwenye pete ya mguuni, hewa ikiwa bado ya baridi, lenzi ya mbele ikiwa ya milimita 80 au zaidi na stendi imetulia, hapo itakufaa.

Kwa hiyo ukienda dukani, uliza kwanza upana wa lenzi ya mbele, kisha tazama kitu cha mbali nje ya mlango. Anza na 20, panda polepole. Ukifika mahali ambapo ndege anazidi kuwa mkubwa lakini huoni manyoya zaidi, rudi nyuma kidogo. Hapo ndipo pako, boksi liseme lisemavyo.