Misungwi: Silaha ya Mbu Iligeuzwaje Dhidi Yake

Mbu anapoacha kufa kwa dawa ya chandarua, wazo linalokuja haraka ni kuongeza kipimo. Jaribio la vyandarua la Misungwi, mkoani Mwanza, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet, linatufundisha kuuliza kwanza mbu huyo anaishindaje dawa. Kwa miaka mingi vyandarua vyenye dawa vilitegemea pairethroidi, kemikali za jamii ya pareto zinazovuruga neva za mdudu. Usugu dhidi yake una njia kuu mbili: neva hubadilika kijeni hata dawa isishike vizuri, au mwili wa mbu huzalisha kwa wingi vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijafika kwenye neva.

Hivyo vimeng'enya ndivyo vilivyolengwa, kwa mbinu mbili zinazopingana. Chandarua chenye kemikali iitwayo PBO huvizuia, ili pairethroidi ipate nafasi ya kuua. Chenye klofenapiri huvitumia: kemikali hiyo haina makali mpaka vimeng'enya vya mbu mwenyewe viigeuze kuwa sumu inayozuia seli kutengeneza nishati. Maeneo 84 yaligawiwa aina tofauti za vyandarua kwa kura. Baada ya miezi 24, asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa katika maeneo ya vyandarua vya kawaida walikuwa na vimelea vya malaria. Kwenye PBO ni asilimia 40.7, tofauti ambayo huenda ni ya bahati tu. Kwenye klofenapiri ni 25.6.

Wapo waliotilia shaka klofenapiri kwa sababu katika vipimo vya maabara ilionekana dhaifu. Kasoro ilikuwa ya kipimo. Desturi ni kumweka mbu kwenye dawa kwa muda usiozidi saa moja, kisha kuhesabu waliokufa baada ya saa 24, ilhali klofenapiri huua taratibu na huhitaji kusubiriwa hadi saa 72. Kuchelewa huko si hasara kubwa, kwani vimelea huhitaji siku 10 hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Anayepata vimelea na kufa siku ya tatu baadaye hapati muda wa kuviambukiza.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mbu atazoea dawa hii pia. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kutoitumia ovyo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2023, lakini pendekezo halifuti hesabu ya kibaiolojia: kuweka PBO pamoja na klofenapiri katika nyumba moja kunaweza kuzima vimeng'enya vile vile vinavyoiamsha. Mnunuzi anayelinganisha bei na asilimia ya vifo vya maabara pekee hawezi kuliona hilo. Kabla ya kuagiza vyandarua, halmashauri inapaswa kujua kiwango cha usugu wa mbu wake na pia njia yake, kisha kupima tena kadiri miaka inavyokwenda, kwa maana dawa iliyofaa Misungwi ilifaa kwa sababu ya mbu wa Misungwi.