Dobi na Pasi Yake ya Mkaa

Asubuhi ya Juni mjini Vwawa baridi inauma, na ukipita kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma utatamani kusogea karibu na meza ya dobi. Pasi yake ni ya mkaa, nzito, yenye jogoo wa chuma kwenye komeo la mfuniko.

Nampongeza kwa jambo ambalo wengi hatulitazami: anaiongoza hewa. Ubavuni mwa pasi kuna matundu. Hewa baridi huingia chini, hupenya kwenye makaa, kisha hupanda ikiwa ya moto na kuivuta nyingine nyuma yake. Moto ukilegea, anaipunga pasi huku na huku kama chetezo mpaka makaa yawe mekundu. Ukizidi, anaiacha itulie. Hana kipimo cha joto. Ana kidole kilicholowa maji, na ule mlio wa "chss" humwambia kama ni zamu ya kitenge au ya nailoni. Anaisugua kwenye jani la mgomba, masizi yanabaki huko, shati jeupe linapona.

Wazee wa Kinyiha hapa wilayani Mbozi waliyeyusha chuma kwa tanuru refu la udongo lililojivutia hewa lenyewe. Sisemi dobi wangu karithi kwao (anadai kafunzwa na mjomba wake), ila kanuni ni ileile, imefinywa hadi ikaenea mkononi.

Umeme upo, ndiyo. Lakini ukikatika Jumapili alfajiri, mashati ya kanisani yanamkuta keshawasha.