Uongo Njoo: Malengo ya Usomaji wa Fantasia na Bunilizi ya Kisayansi ya Kiswahili katika Pwani ya Bagamoyo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana kwamba msomaji wa Kiswahili anayejiwekea lengo la kusoma fantasia na bunilizi ya kisayansi hana budi kutafuta vitabu vyake nje ya lugha hii. Yanatetea hoja mbili. Kwanza, vitabu vipo, ila uhakiki wetu umevipanga katika rafu nyingine. Pili, mkataba wa fantasia katika pwani ya Mrima ni mkataba wa watu wengi. Kwa hiyo lengo la usomaji lisilo na wenzi hupoteza sehemu ya kazi yenyewe.

Utangulizi

Msomaji kijana wa Bagamoyo, Mapinga au Bunju anayeingia katika desturi ya kujiwekea idadi ya vitabu vya kusoma kwa mwaka, pamoja na wasomaji wenzake, hukabidhiwa orodha inayoanza kwa J.R.R. Tolkien, ikapita kwa Ursula K. Le Guin, na, kama imetungwa kwa uangalifu, ikafika kwa Octavia Butler na Nnedi Okorafor. Waandishi hao wanastahili kusomwa. Linalostahili kuhojiwa ni nafasi tupu mahali pa Kiswahili, pamoja na ukimya wa wahakiki ambao wangepaswa kuijaza. Kijana huyo akituuliza asome nini, tunamtajia riwaya ya kifalsafa, riwaya ya kisiasa, au ile tuliyozoea kuiita riwaya mpya. Hatumtajii nchi inayoelea angani, ingawa tunayo tangu mwaka 1951.

Istilahi na mpaka wake

Tzvetan Todorov (1970) aliiweka fantasia katika kusitasita kwa msomaji: je, tukio hili lina maelezo ya kimaumbile au ya kimiujiza? Kigezo hiki kinapofikishwa Bagamoyo kinapata taabu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu aliyeishi katika mji huo kabla ya kwenda kufundisha Berlin, ndiye mchangiaji mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Humo pepo na waganga wanaelezwa kwa sauti ileile inayoeleza ndoa na mazishi. Hakuna kusitasita. Pepo ni sehemu ya mpangilio wa maisha, na wana taratibu zao.

Matokeo yake ni kwamba jini katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert hamshangazi msomaji wa pwani kwa kuwa jini. Linalomshangaza ni sheria inayokuja naye: Adili analazimika kuwacharaza ndugu zake waliogeuzwa manyani, ilhali anawapenda. Ajabu ya masimulizi haya imo katika masharti ya ulimwengu huo, wala si katika viumbe vyake. Hivyo kigezo kinachotufaa zaidi ni cha Darko Suvin (1979), aliyeieleza bunilizi ya kisayansi kuwa ni fasihi ya ugeni unaofikirika kwa akili: ulimwengu unabadilishwa katika jambo moja, kisha mabadiliko hayo yanafuatiliwa hadi mwisho wake. Suvin mwenyewe aliitumia hoja hiyo kuitenga fantasia. Katika matini zetu, hata hivyo, jini mwenye sheria anaweza kufuatiliwa kwa akili sawasawa na chombo cha angani.

Sarufi ya ajabu

Ushahidi wa kwanza kwamba waandishi wetu walikuwa wakijenga ulimwengu, si kuficha maoni tu, umo katika majina. Kusadikika na Kufikirika ni vitenzi-jina vyenye kiambishi cha kutendeka, -ik-. Jina la kwanza halisemi kwamba nchi hiyo inasadikiwa na fulani. Linasema kwamba inaweza kusadikiwa. Mtenda ameondolewa, uwezekano umebaki. Shaaban Robert ametofautisha pia viwango viwili: linalofikirika si lazima lisadikike. Nadharia nzima ya fantasia imebebwa na kauli moja ya kitenzi, na msomaji anaifahamu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Katama Mkangi katika Walenisi (1995) anakwenda mbali zaidi. Jina hilo ni sentensi iliyokazwa ikawa nomino: wale ni sisi. Kionyeshi cha mbali kinaunganishwa na nafsi ya kwanza wingi kwa kitenzi kishirikishi, na umbali unafutika ndani ya neno moja. Dzombo, mhukumiwa anayerushwa angani ili asirudi, anatua katika jamii iliyojipanga kinyume cha ile iliyomtupa. Ugeni na utambuzi, ambavyo Suvin anavihitaji kwa pamoja, vimeunganishwa hapa na mofolojia. K.W. Wamitila naye, katika Bina-Adamu! (2002), anaweka kistari katikati ya neno tulilolizoea na alama ya mshangao mwishoni, na neno la kila siku linageuka kuwa jina la msafiri tusiyemjua.

Kosa la kufasiri mapema

Kwa nini basi vitabu hivi havimo katika orodha? Jibu liko katika desturi yetu ya kufundisha. Tunapofungua Kusadikika, swali la kwanza darasani ni: nchi hii inawakilisha nini? Jibu la ukoloni wa Mwingereza linatolewa, na nchi inayoelea inatoweka. Usomaji huo una msingi. Shaaban Robert aliandika chini ya utawala wa kigeni, na mashtaka ya Karama, ya kutaka kufundisha uanasheria, hayawezi kutenganishwa na hali hiyo. Mkangi aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani katika miaka ya 1980. Hukumu ya Dzombo haikutoka hewani.

Hata hivyo, istiari si ganda la kuvunjwa ili tule kokwa. Kama Kusadikika ingekuwa fumbo la Tanganyika peke yake, ingekoma kusomeka mwaka 1961. Haikukoma, kwa sababu ina kanuni zake: wajumbe sita wanatumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wanarudi na maarifa, na nchi inawaadhibu kwa kuyaleta. Mtu anayeielewa kanuni hiyo kwanza ataiona siasa kwa ukali zaidi. Anayeanza na siasa huishia kwenye tarehe.

Upungufu nao utajwe. Tukitafuta bunilizi ambamo sayansi yenyewe ndiyo injini ya kisa, rafu inakuwa nyembamba. Chombo cha Walenisi kinamfikisha Dzombo, lakini utendaji wake haujengi kisa. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, Ziraili na Zirani (1999) ya William Mkufya na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed zinaegemea ndoto, ahera na mizuka. Kisingizio cha ukosefu wa istilahi hakitoshi: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. Sababu nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mtoto wa Tanzania husomeshwa sayansi ya sekondari kwa Kiingereza, huku hadithi akizipokea kwa Kiswahili. Lugha anayoitumia kuota hakupewa nafasi ya kupima joto wala kasi. Bunilizi ya kisayansi inahitaji mambo hayo mawili yakutane.

Kusoma na wenzi

Mtambaji wa pwani haanzi peke yake. Anaita, hadhira inaitika. Na katika mwito wa uongo njoo, utamu kolea, wasikilizaji ndio wanaoukaribisha uongo. Maana yake ni kwamba ruhusa ya kuvuka mpaka wa uhalisi hutolewa na kundi. Tendi nazo zilisomwa kwa sauti mbele ya watu. Utenzi wa Rasi'l-Ghuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya 4,000, usingeweza kuwa kazi ya jioni moja wala ya msomaji mmoja. Lilikuwa lengo la usomaji kabla ya istilahi hiyo kubuniwa.

Napendekeza basi lengo la mwaka mmoja kwa kikundi cha wasomaji, iwe Bagamoyo, Kunduchi au Pangani, lenye vituo vinne vya miezi mitatu: Adili na Nduguze pamoja na sehemu za Rasi'l-Ghuli, Kusadikika na Kufikirika, Walenisi na Nagona, kisha Babu Alipofufuka na Bina-Adamu!. Isomwe kwa sauti, hata kama nakala ni moja. Kipimo kisiwe idadi ya kurasa. Kikundi kihesabiwe kuwa kimemaliza kitabu pale wanakikundi watakapoweza kutaja kanuni tatu za ulimwengu wake bila kutumia neno "inawakilisha". Baada ya hapo walitumie watakavyo.

Hitimisho

Orodha ya vitabu minane haishindani na maktaba za wengine kwa wingi. Inatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba nafasi tupu tuliyoianza nayo ni tatizo la uainishaji kabla ya kuwa tatizo la utunzi. Athari yake si ndogo. Mwandishi kijana anayeamini kwamba lugha yake haijawahi kuruka ataandika akiomba radhi, au ataandika kwa lugha nyingine. Anayejua kwamba Karama na Dzombo wamemtangulia ataanza walipoishia, na kazi ya kukifundisha chombo cha angani Kiswahili cha fizikia itakuwa yake.