Maneno Yaliyokolea na Maneno Yaliyotiwa Chumvi

Chumvi ni taswira inayorudiwa sana katika mahubiri ya Kikristo. Mara nyingi mhubiri huanzia Mathayo 5:13, ambapo Yesu anawafananisha wafuasi wake na chumvi, kisha hutaja kazi zake mbili: kuleta ladha na kuzuia kuoza. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanasahau Wakolosai 4:6, ambapo chumvi inatajwa kama kiungo cha mazungumzo ya Mkristo. Hapo ndipo ninapotaka kuihakiki taswira hii, hasa inavyosomeka kwa Kiswahili.

Tatizo la kwanza ni la lugha. Katika Kiswahili, kutia chumvi katika habari ni kuongeza yasiyokuwepo. Msomaji anaweza basi kuona kwamba Biblia inaagiza jambo ambalo nahau yetu inalikemea. Tafsiri ya Union Version imetumia neno "munyu" katika aya hii, ingawa katika Mathayo imetumia "chumvi". Uteuzi huo una faida, kwa kuwa nahau haisemi kutia munyu. Kwa sisi wanafunzi wa nchi jirani neno hili halihitaji kamusi: Waganda husema omunnyo, nao Wanyarwanda na Warundi husema umunyu. Neno ambalo Waswahili wengi huliona la kale, kwetu ni la jikoni.

Jambo la pili ni kitenzi "kukolea". Mchuzi uliokolea umefikia kipimo chake. Ukipungukiwa chumvi ni chapwa, na chumvi ikizidi hauliki. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kiini cha taswira hii ni kipimo. Nahau ya kutia chumvi inazungumzia kuzidisha. Aya inazungumzia kukolea. Nahau na aya hazipingani, bali zinaonya na kufundisha jambo lilelile.

Suala hili linagusa maisha ya kanisa. Katika mikutano ya maombi nimesikia shuhuda zinazokua kila zinaposimuliwa: homa ya siku 3 inakuwa ya miezi 3, na mgonjwa aliyekuwa akitembea anakuwa mahututi. Upande wa pili wapo Wakristo ambao maneno yao ni chapwa. Wanaona michango ya kijiji ikiliwa, wanasema tu, "Tumwachie Mungu." Wa kwanza wamezidisha, wa pili wamepunguza, wote hawajakolea.

Huenda mtu akasema kwamba ushuhuda uliotiwa chumvi kidogo hauna madhara iwapo unawavuta watu kwenye imani. Siikubali hoja hiyo. Aya yenyewe inaeleza lengo la maneno yaliyokolea: Mkristo ajue namna ya kumjibu kila mtu. Mama mwenye mtoto mgonjwa anayeuliza kama habari ile ni kweli anastahili jibu analoweza kuliegemea. Akigundua baadaye kwamba iliongezwa, hatasadiki hata sehemu iliyokuwa ya kweli.

Hapa Wakolosai inakutana na onyo la Mathayo kuhusu chumvi iliyopoteza ladha. Kule Kibiro, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, wanawake hupitisha maji kwenye udongo wenye chumvi, kisha huyachemsha maji hayo hadi chumvi ibaki. Udongo uliochujwa bado ni udongo, ila kilichoupa thamani kimeondoka. Ndivyo ulivyo ushuhuda usio na ukweli: bado una sauti, machozi na "Amina", lakini hauna cha kumlisha msikilizaji.

Kwa kuhitimisha, ninaona kwamba chumvi katika maandiko haya isisomwe kama sifa ya kujivunia. Ni kipimo cha mwenendo, na mahali pa kwanza pa kukitumia ni ulimi.