Kutoka, Kutoa, Kutolewa: Filamu kuhusu Utoaji Mimba na Kazi ya Mfasiri wa Kampala

Katika filamu Queen of Katwe (2016), iliyoongozwa na Mira Nair, Night, dada yake Phiona, anaondoka nyumbani kumfuata mwanamume mwenye pikipiki, kisha anarejea akiwa mjamzito na ameachwa. Mama yao, Nakku Harriet, anampokea. Hakuna anayeuliza iwapo mimba itabaki au itatolewa. Jambo hilo halikataliwi, halitajwi kabisa. Si haki kuilaumu filamu ya Disney, iliyokusudiwa watoto na wazazi wao, kwa kulikwepa. Hata hivyo, ukimya huo unastahili kuangaliwa, kwa kuwa makadirio ya watafiti yanaonyesha kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 314,000 zilitolewa nchini Uganda, na Katwe si kisiwa.

Sheria yenyewe inazungumza kwa sauti mbili. Ibara ya 22(2) ya Katiba ya 1995 inasema kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa kama sheria itakavyoruhusu. Kanuni ya Adhabu inampa mwanamke anayejitoa mimba kifungo cha hadi miaka 7, na anayemtoa hadi miaka 14, huku ikimkinga daktari anayepasua kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2015, uliojaribu kufafanua ruhusa hiyo, ulisitishwa muda mfupi baada ya kutolewa. Hapo katikati, pasipojulikana mpaka uko wapi, ndipo mtanziko wa kimaadili ulipo, na ndipo filamu ingeweza kuingia.

Inapoingia, lugha huwa imetangulia. Kiswahili kina njia kadhaa za kueleza tukio hili, na tofauti zake ni za kisarufi kabla ya kuwa za kimaadili. Mimba imetoka, au imeharibika: hakuna mtenda, na lawama haina pa kutua. Ametoa mimba, ameavya mimba, ameharibu mimba: mwanamke ndiye mtenda, naye anasimama peke yake katika sentensi. Ametolewa mimba: mkono mwingine upo, hata kama haujatajwa. Chini yake kuna kuchoropoa, neno la mitaani lenye dharau, na kuua, ambalo ni hukumu iliyovaa kitenzi. Luganda nayo hutenganisha okuvaamu, ambako olubuto, yaani tumbo na pia mimba, hutoka lenyewe, na okuggyamu, ambako hutolewa. Mwanamke anayefika hospitalini akivuja damu na kusema kwamba mimba imeharibika anajua sarufi hii vizuri kuliko wanaisimu wengi. Kauli ya kutendeka ndiyo wakili wake pekee.

Katika vibanda vya video vya Kampala, filamu ya kigeni humfikia mtazamaji kupitia kinywa cha VJ, msimulizi anayefasiri Kiluganda juu ya sauti za waigizaji, akiongeza utani, maonyo na maoni yake. Kenya ina DJ Afro, Tanzania ilikuwa na Lufufu. Wasomi wameusifu ubunifu wa mafundi hawa, na sifa hizo ni za haki. Lakini swali la dhima yao ya kimaadili halijapewa uzito. Mhusika anaponong'ona neno moja la Kiingereza au Kifaransa lisilomtaja mtenda, VJ hana neno la namna hiyo. Lazima achague kitenzi, na kwa kukichagua amekwisha kumpa au kumnyima mhusika utetezi.

Filamu mbili zinaonyesha uzito wa uchaguzi huo. Katika Lingui (2021) ya Mahamat-Saleh Haroun, iliyowekwa N'Djamena, Amina anachana matairi makuukuu na kuchomoa nyaya za kutengenezea majiko ya kuuza. Binti yake Maria, wa miaka 15, ana mimba na amefukuzwa shule. Mama, Mwislamu mwenye msimamo, kwanza anakataa katakata, kisha anaanza kuhangaikia fedha. Haroun hakumpa hotuba ya kubadili mawazo. Alimpa jua, vumbi na hesabu ya majiko, na hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu. Udhaifu uko mwishoni. Inapofichuliwa kwamba Maria alibakwa na jirani, mtanziko unageuka kuwa kisasi, na mtazamaji anapewa udhuru wa kumkubali Maria. Filamu nzima inahamia kauli ya kutendwa.

4 Months, 3 Weeks and 2 Days ya Cristian Mungiu, iliyoshinda Palme d'Or mwaka 2007, haitoi udhuru. Mambo yake yanatukia Romania ya 1987, chini ya marufuku ya Ceaușescu iliyoanza 1966. Găbița anadanganya kuhusu umri wa mimba, anamdanganya rafiki yake Otilia, na hatuambiwi kamwe mimba ni ya nani. Kamera inamfuata Otilia, anayelipa gharama ya uamuzi usio wake. Mwishoni anamwambia Găbița kwamba hawatalizungumzia jambo hilo tena. Kazi ya VJ ni kutonyamaza, na hapo angelazimika kunyamaza. Filamu hii ni ngumu zaidi kuipenda, na ni ya kweli zaidi, kwa sababu inamwacha mwanamke awe mtenda bila kumfanya kuwa mwovu.

Michezo ya kampeni za afya aghalabu haifiki hata kwenye udhuru: msichana anakunywa dawa, anavuja damu, anakufa, jirani wanatikisa vichwa. Anayeifadhili anaamini anapunguza vifo, ilhali anachofundisha ni kuficha, na anayeficha huchelewa kufika hospitalini.

Tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa somo la lazima shuleni mwaka 2022, miswada ya aina hiyo itazidi kuandikwa na kufasiriwa kwa Kiswahili nchini Uganda. Hapa ndipo washauri wa sera wana la kufanya. Kiswahili kilifahamika Uganda kwa muda mrefu kama lugha ya kambi za jeshi na ya polisi, na wapo wazee wanaoisikia bado kwa hofu. Wizara inayogharamia filamu ya uzazi imlipe mfasiri mapema, mswada ukiwa bado mezani, imwombe aeleze kwa maandishi kwa nini amechagua kuavya, kutoa au kutolewa katika kila onyesho, na wauguzi waisome orodha hiyo kabla ya kamera kuwashwa. Wao ndio wanaojua ni kitenzi kipi kinachomfanya mgonjwa anyamaze.