"Mandhari Meusi": Uhakiki wa Istilah Moja

Android 10 ilipotoka mwaka 2019, watumiaji wa simu waliweza kukifanya kioo kizima kiwe cheusi chenye herufi nyeupe. Tafsiri ya Kiswahili huiita hali hiyo "mandhari meusi". Kuepuka "giza" ni busara, kwani herufi zinang'aa. Lakini mandhari ni upeo wa macho: anayo asimamaye Mbaraki, penye nguzo ya kale ya mawe, akitazama maji ya Kilindini. Katika simu hakuna upeo uliogeuka, ni usuli tu. Mombasa wavaao leso hutenga pindo, mji na jina. Rangi ya mji hubadilika, jina likasomeka vile vile. "Mji mweusi" lingefaa zaidi, ingawa mgeni ataudhania mtaa.